Nani Amekivunja Kikombe? Uhakiki wa Maneno ya Mashine

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuketi na utenzi, shairi, riwaya na tamthilia. Hayo ndiyo maandiko yaliyopewa heshima ya kuwekwa katika mizani, na mhakiki ayapimapo hujiona yu kazini kweli. Lakini yapo maandiko mengine, mafupi kuliko ubeti mmoja na yasiyo na jina la mtunzi, ambayo Mswahili wa leo huyasoma asubuhi kabla ya kunawa uso na usiku kabla ya kuzima taa. Ni maneno yatokeayo katika kioo cha simu, katika mashine ya kutolea fedha ya benki na katika mita ya umeme. Mtu aweza kumaliza mwaka mzima asifungue diwani hata moja. Ni shida kumaliza mwezi asiambiwe na simu yake kwamba ombi lake halikukamilika. Maandiko yasomwayo kiasi hicho, tena yenye kushika riziki za watu, yastahili kuulizwa maswali yale yale yaulizwayo maandiko mengine: ni nani asemaye, anasema na nani, na lugha aliyoichagua inamtendea nini msomaji wake.

Ugomvi uliosikika zaidi katika uwanja huu ni ugomvi wa msamiati. Wapo wasemao tarakilishi, wapo waliowahi kusema ngamizi, na wapo walioridhika na kompyuta. Kipanya kimegombana na puku, na nywila bado inatazamana kwa jicho la pembeni na neno la siri. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoingia katika mradi wa Kilinux na kuifanya programu ya OpenOffice izungumze Kiswahili kwa jina la Jambo, hapakuwa na njia ya kuikwepa kazi ya kutafuta maneno, kwa maana mjenzi hapandishi ukuta kabla ya kupata mawe. Na baadhi ya maneno yaliyoenea leo ni mazuri kuliko yale ya lugha yalikotoka. Pakua, mathalani, ni neno lililokamilika: mama hupakua wali chunguni, wachukuzi hupakua shehena chomboni, na kijana hupakua wimbo katika mtandao, katika yote matatu kitu kilichokuwa kimehifadhiwa kwingine huja kwa mtu akitumie. Bofya nalo, ambalo zamani lilikuwa la kidole kipimacho kama embe limeiva, limehamia katika kioo cha simu bila kubadili mkao wa kidole. Ghairi ni bora zaidi. Kughairi si kufuta tu. Ni kubadili nia, na nia ni mali ya mtu, si ya mashine. Aliyelichagua neno hilo alikijua Kiswahili.

Lakini ni vigumu kumpata mtu aliyepotelewa na shilingi elfu hamsini kwa sababu mashine iliitwa kompyuta badala ya tarakilishi. Wingi wa karatasi zilizoandikwa juu ya majina ya vitu umewafanya watu wasahau kwamba lugha si majina tu. Taabu imejificha katika vitenzi.

Hata hivyo yafaa kuanza na kosa lililo jepesi, ambalo ni la upatanisho. Msomaji na aichukue sentensi hii: Picha 3 zimefutwa. Haina dosari. Mtengenezaji wa programu, ambaye aghalabu hufikiri kwa Kiingereza anapokuwa kazini hata kama alizaliwa Bukoba, huiona sentensi hiyo kuwa na vipande vitatu: jina, hesabu na tendo. Basi hulihifadhi tendo, akaacha nafasi mbili tupu, akitumaini kwamba zitajazwa na lolote litakalotokea. Kwa Kiingereza mpango huu hauna taabu kubwa, kwa kuwa tendo halijali ni nini kilichofutwa. Kwa Kiswahili matokeo yake ni haya: Vitabu 3 zimefutwa; Majina 3 zimefutwa; Wageni 3 zimefutwa, na hao wa mwisho ni msiba hata bila kosa la sarufi. Sentensi ya Kiswahili haiungwi kama shanga katika uzi, punje hii ikitolewa ikawekwa ile. Imesukwa kama mkeka. Ukindu mmoja ukivutwa, mkeka mzima husogea.

Tarakimu nayo huficha kosa jingine ndani ya hilo. Jicho husoma "vitabu 3" na ulimi hutamka "vitatu" pasipo kufundishwa, kwani moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata jina, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazijali. Kwa hiyo mwenye macho huponea chupuchupu. Mtu asiyeona, ambaye hutegemea programu ya kumsomea kioo kwa sauti, haponei. Mashine ambayo haikufundishwa ngeli itamwambia "vitabu tatu", naye atavumilia kusemeshwa hivyo kutwa, kama mtu aliyewekewa mgeni asiyejifunza lugha ya nyumba.

Shirika la Unicode, ambalo huratibu herufi za mashine za dunia nzima, linatunza pia orodha ya kanuni za namna kila lugha inavyotenga umoja na wingi. Katika orodha hiyo Kiarabu kimepewa makundi 6, na Kiswahili 2: la kitu kimoja, na la vinginevyo. Kwa jambo lililoulizwa, hukumu hiyo ni ya haki. Lakini lililoulizwa ni hesabu, si ngeli. Na mtengenezaji akiona Kiswahili kina makundi 2 tu, sawa na Kiingereza, hudhani amebahatika kupata lugha rahisi. Dawa ya ugonjwa huu ni kuandika sentensi nzima kwa kila jina, wala si kuunga vipande. Inahitaji saa chache za mtu mmoja mwenye subira.

Hayo ni aibu, lakini si dhuluma. Dhuluma iko katika sauti ya maneno yenyewe.

Kila aliyelea mtoto katika nyumba ya Waswahili anaijua sentensi hii: Kikombe kimevunjika. Mtoto amesimama mlangoni, mikono nyuma, macho chini. Hakusema uongo, maana kikombe kweli kimevunjika. Ila katika hazina ya kauli za Kiswahili amechagua ile isiyo na mtenda, kauli ya kutendeka, ambayo kwayo vitu huvunjika, humwagika, hupotea na huchanika kama kwamba vimeamua vyenyewe. Mzazi mwenye akili hamkemei kwanza. Humwuliza: nani amekivunja?

Kauli hiyo ina kazi yake halali. Kamba hukatika, njia huonekana, chakula hulika. Lugha isiyo nayo ni maskini. Lakini msomaji na aitazame huduma ya fedha katika simu yake siku mbili: siku aliyokosea yeye, na siku mtandao ulipolala wenyewe. Siku aliyokosea yeye, maneno huwa ya namna hii: umekosea namba ya siri, umeingiza kiasi kisicho sahihi, huna salio la kutosha. Nafsi ya pili imekaa mwanzoni mwa kitenzi, wazi kama kidole kilichonyoshwa. Siku huduma iliposhindwa, maneno hugeuka: hitilafu imetokea, imeshindikana, ombi halikukamilika. Mtu ametoweka. Hitilafu imetokea kama mvua ilivyonyesha. Ombi halikukamilika kama kwamba lilikuwa na miguu yake likachoka njiani. Mteja akikosa, amekosa yeye. Mwenye huduma akikosa, kimevunjika.

Si lazima kudhani kwamba mtu alikaa ofisini akaipanga hila hii. Hila zilizopangwa ni chache kuliko uzembe. Katika Kiingereza cha mashine pia mgawanyo huo upo, na mtafsiri ameupokea kama alivyopokea nukta na koma. Lakini Kiingereza huweza kujificha nyuma ya sentensi zisizo na kitenzi, maneno mawili matatu yaliyowekwa pamoja kama kibandiko cha chupa. Kiswahili hakijifichi hivyo. Kitenzi chake hubeba nafsi begani, na hata pale nafsi inapokosekana, kukosekana kwake husikika. Kwa sababu hiyo maneno yaliyokuwa baridi tu katika lugha ya kwanza huwa makali katika ya pili.

Ushahidi kwamba "umekosea" aghalabu ni hukumu ya haraka unapatikana katika historia ya huduma hizo zenyewe. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, mtumaji aliandika namba ya simu ya ampelekeaye, na tarakimu moja ikiponyoka, fedha zilikwenda kwa mtu asiyemjua. Ilisemwa kwamba mtumaji amekosea, na kwa hakika kidole kilikuwa chake. Mwaka 2015 ikaja Hakikisha, ambayo ilimwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumwachia nafasi fupi ya kuzuia. Vidole vya watu havikuwa vimeerevuka kati ya mwaka 2007 na mwaka 2015. Kilichoerevuka ni mashine. Basi katika ile miaka 8 ya kwanza kosa lilikuwa la nani? La mwandishi wa namba peke yake, au pia la yule aliyejenga mlango usio na tundu la kuchungulia aliye nje? Jina la Hakikisha lenyewe, ikisemwa kwa pembeni, ni tungo njema: kitenzi kimoja, kinaelekezwa kwa mtu, kinamwambia jambo lililo katika uwezo wake.

Mfano mwingine ni wa Tanzania, na ni wa tarakimu tupu. LUKU, yaani Lipia Umeme Kadiri Utumiavyo, ni miongoni mwa majina ya huduma yaliyobuniwa vizuri kabisa katika Kiswahili: sentensi nzima imekunjwa ikawa neno, na neno likawa la mtaani. Lakini mita yenyewe hunena na mteja kwa fungu la tarakimu 20, ambalo hulichapa kidole kwa kidole. Moja ikikosewa, fungu lote hukataliwa, na kioo kidogo cha mita hakina nafasi ya kumwambia ni ipi. Mwaka 2024 wateja wakaletewa kazi ya ziada. Kabla ya tarehe 24 Novemba mwaka huo kila mita ilipaswa kuingizwa mafungu mawili mengine ya tarakimu 20, tena kwa taratibu yake, ndipo fungu la umeme ulionunuliwa lipokelewe: jumla tarakimu 60 mbele ya ukuta, wengine wakimulika kwa tochi ya simu. Sababu yake ilikuwa nje ya nchi na nje ya nyumba. Kanuni ya kimataifa ya mita hizo ilianza kuhesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, katika nafasi ambayo haiwezi kubeba zaidi ya dakika 16,777,216. Hesabu hiyo ilikuwa ikijaa tarehe 24 Novemba 2024, na mita ambayo haikurekebishwa isingepokea umeme mpya. Wabunifu wa kanuni walijua, au wangeweza kujua kwa kugawanya, kwamba siku hiyo ingefika. Hata hivyo jambo hilo lilimfikia mteja kwa sura ya wajibu wake yeye: ingiza, hakikisha, usichelewe. Bibi wa miaka 70 huko Korogwe alikuwa analipa, kwa macho yake, deni la nafasi iliyobanwa na wataalamu kabla wajukuu zake hawajazaliwa. Hakuna aliyemwambia, "Tulihesabu vibaya, utusaidie." Maneno matatu tu, na yangetosha.

Baada ya kosa huja ahadi, na ahadi ya mashine ni moja: jaribu tena baadaye. Neno hili halihitaji mhakiki, kwa maana kila aliyewahi kufuata cheti katika ofisi analijua kwa jina lake jingine, yaani njoo kesho. Wenye maduka walilitumia kwa uungwana zaidi. Waliandika ukutani kwamba leo ni fedha na mkopo ni kesho, na mteja akacheka, kwa sababu mzaha ulikuwa wa wote wawili. Baadaye ya mashine haina mzaha ndani yake. Haisemi kama ni dakika 5 au siku 2, wala haisemi jambo ambalo mtu analihitaji kuliko yote, yaani kama fedha zimekwisha kutoka au bado zipo.

Na pale mashine inapothubutu kutaja saa, mara nyingine ni heri ingenyamaza. Siku ya Waswahili huanza jua linapochomoza, nayo saa ya kwanza ni ile ambayo saa za Kizungu huiita ya saba. Tofauti ni saa 6, si zaidi wala si pungufu, na mtoto wa shule huifahamu. Lakini mtafsiri akikuta mahali palipoandikwa 2:00 na alama ya usiku wa manane, akaweka neno usiku akaiacha tarakimu ilivyo, amemwambia msomaji saa mbili usiku, wakati ambapo watu ndiyo kwanza wanakula. Huduma itarejea saa nane usiku, naye ameketi akiingojea tangu chakula cha jioni. Abiria wa mabasi ya alfajiri wanaijua taabu hii kwa upande wa pili: tikiti imechapwa 06:00, mpiga debe amesema saa kumi na mbili, na mgeni wa mji anabaki na saa mbili mkononi, moja ya karatasi na moja ya mdomo. Hapa Kiswahili hakina upungufu wowote. Kina alfajiri, asubuhi, adhuhuri, alasiri, magharibi na usiku, kila moja na mahali pake. Kinachopungua ni mtu wa kutoa 6.

Liko pia suala la amri. Kiswahili kina njia zaidi ya moja ya kumtaka mtu afanye jambo. Ingiza! ni amri kavu, ya mkubwa kwa mdogo, ya nahodha kwa baharia wakati wa dhoruba. Uingize ni ombi lenye heshima. Naomba uingize ni la mgeni kwa mwenyeji. Katika baraza lolote la pwani kijana amwambiaye mzee "leta maji" atatazamwa kwa namna ambayo hatairudia, na amwambiaye "naomba uniletee maji" huenda akaletewa na kahawa. Mashine imechukua amri kavu kuwa lugha yake ya kila siku: ingiza, chagua, thibitisha, rudi. Wengine wanadhani kwamba tafadhali ikiwekwa mbele imeponya kila kitu. Tafadhali iliyotangulia amri kavu ni kama kofia ya kitani juu ya mtu aliye kifua wazi.

Ugumu huongezeka kwa kuwa katika kioo kimoja amri hutoka pande mbili. Jaza jina ni mashine inayomwamuru mtu. Futa ni mtu anayeiamuru mashine. Na yote mawili yameandikwa kwa umbo moja na kwa wino mmoja. Ruhusu ni amri ya nani kwa nani? Na kile kiitwacho toa pesa katika orodha za huduma za simu kimewatatiza wengi waliokikuta kwa mara ya kwanza, maana katika mazungumzo ya kawaida atoaye pesa ni yule ambaye mfuko wake unapungua. Mzee amekwenda kwa wakala ili apewe pesa, na simu inamwambia atoe. Kuchukua pesa lingekuwa neno lililo wazi, lakini toa limekwisha kuzoeleka, na mazoea yana haki zake.

Kilele cha mambo haya ni kitufe kidogo kiitwacho Sawa. Programu humtangazia mtu kwamba kazi aliyoiandika kwa saa nzima haikuhifadhiwa, au kwamba malipo hayakufika, kisha humpa njia moja tu ya kuondoka, nayo ni kubofya Sawa. Katika Kiswahili sawa ni neno la ridhaa. Husemwa na aliyekubali bei, aliyepatanishwa na ndugu yake, aliyesikia shauri akaliona jema. Hapa hutolewa kwa lazima na mtu aliyepata hasara, tena mbele ya yule aliyemtia hasara, na asipolisema haruhusiwi kwenda zake. Nimeelewa lingetosha, au Funga. Hata Haya, ile ya kukata tamaa, ingekuwa na ukweli zaidi. Na lile neno zuri la ghairi nalo limeponzwa katika vitufe hivi: mtu huulizwa kama anataka kughairi, kisha huwekewa Sawa upande huu na Ghairi upande ule, akabaki akijiuliza kama akibofya la pili atakuwa ameghairi au ameghairi kughairi.

Watetezi wa maneno haya hutaja udogo wa nafasi, na utetezi wao wahitaji kusikilizwa. Ujumbe mfupi wa simu ulipimwa kwa herufi 160. Orodha zile zipatikanazo kwa kuchapa nyota na alama ya reli hubeba herufi 182 kwa mara moja, na mtu akichelewa kujibu hufungwa, akaanza upya. Katika uwanja mwembamba kiasi hicho, husemwa, adabu ni anasa. Lakini ushairi wa Kiswahili umeishi karne kadhaa katika vipande vya mizani 8, na hakuna aliyelalamika kwamba hapana nafasi ya adabu. Tena udogo huo hautumiwi kwa uangalifu. Sentensi kama "Ombi lako halikuweza kukamilika kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye." ina herufi 72 pamoja na nukta na nafasi zake, wala haimwambii mtu kitu. "Tumeshindwa kutuma. Pesa zako zipo salama." ina 42. Katika hizo 42 amepatikana mtenda, limepatikana tendo, na imepatikana habari aliyokuwa akiingojea kwa mapigo ya moyo. Itakayobaki ni kuhakikisha kwamba pesa zipo salama kweli, na hiyo si kazi ya sarufi.

Mtafsiri asibebeshwe mzigo wote. Aghalabu huletewa orodha ya vipande, mstari kwa mstari, bila kuonyeshwa kioo ambamo kila kipande kitakaa; hajui kama neno moja la Kiingereza mbele yake ni jina au kitenzi, wala kama nafasi iliyoachwa wazi itajazwa na mtu, kitu au mahali. Akiuliza, jibu huja baada ya programu kwisha kutolewa. Kumlaumu yeye ni kumlaumu fundi cherehani kwa shati la mtu ambaye hakuletwa kupimwa. Lakini mwenye kumtuma, ambaye ana fedha za kupamba kila ukuta wa mji kwa rangi ya kampuni yake, hana udhuru wa kukosa mtu mmoja wa kuyasoma maneno hayo kwa sauti kabla hayajamfikia mteja.

Hasara ya haya yote huonekana wazi katika kibanda cha wakala. Mama mwuza maandazi, asomaye polepole lakini asomaye, ameanza kutuma ada ya mtoto. Amefika hatua ya nne, akasimama kulitafakari neno, na orodha ikamfunga. Ameanza tena; ikamwambia amekosea, bila kusema wapi. Mara ya tatu humpa simu kijana wa kibandani, akamtajia namba ya siri kwa sauti, watu wakiwa nyuma yake, kwa sababu foleni inasukuma na ada ina siku ya mwisho. Hakufanya hivyo kwa ujinga. Alikuwa anajua kusoma, na maandiko yakamfanya awe kama asiyejua. Ikiwa baada ya siku chache salio lake litapungua pasipo maelezo, atapiga simu ya huduma, atasubiri wimbo uishe, na jibu atakalopewa litakuwa katika nafsi ya pili na kauli ya kutenda: ulimpa mtu namba yako ya siri.

Limebaki suala dogo, ambalo wapenzi wa sarufi hawataliacha. Ujumbe wa kuthibitisha malipo useme Sh 10,000 imetumwa, au zimetumwa? Wapo wateteao imetumwa, nao wana hoja: sokoni husemwa "elfu kumi yako hii hapa", kwa maana ya jumla moja, noti moja. Hoja hiyo inafaa pale palipotajwa elfu kumi peke yake. Lakini ujumbe umetaja shilingi, na shilingi zikiwa elfu kumi ni nyingi. Zimetumwa ndiyo sahihi, na imetumwa ni ya mazungumzo. Ama lile neno Imethibitishwa, lisimamalo peke yake mwanzoni mwa ujumbe kama askari mlangoni, i- yake haina jina lolote nyuma yake, wala hapana popote katika ujumbe panaposema ni nani aliyethibitisha.